Kitanda Tulichokipara Kama Samaki

Kopa ikikaa inakuwa nyeusi. Hilo ndilo kosa lake lote. Haiozi, hailiwi na mchwa, lakini haijui kujifanya mpya. Ukiishika kila siku inabadilika, mara nyekundu, mara kahawia, na kwenye kona inatoa ukijani kidogo. Shuleni tulifundishwa kuiita shaba, na mwalimu wa kemia akatuandikia alama yake ubaoni. Mtaani kwetu Gerezani, ambako karibu kila nyumba ina mtu anayeuza spea au anayegonga bati, ni kopa tu, na kopa ni waya na redieta za magari mabovu. Mimi hapa nazungumzia vyuma vya kitanda cha hospitali.

Hospitali yenyewe ilikuwa ghorofa moja ya zamani kwenye mtaa wa nyuma, ukitoka Kariakoo kuja kwetu. Mwenyewe alikuwa daktari mzee, Mhindi wa hapahapa Dar, Baniani asiyekula hata yai. Serikali iliporuhusu tena hospitali za watu binafsi, akaigeuza nyumba ya familia yake: chini wodi ya wazazi, juu anakaa yeye. Na kabla hajanunua hata pazia, akawaita mafundi wa mtaani kwetu wamtengenezee kwa kopa vyuma vya pembeni vya vitanda, vishikio vya mabomba ya maji, na bamba la kusukumia mlango. Mafundi walicheka wiki nzima. Walisema mzee ana hela za kuchezea, analaza wagonjwa kwenye redieta.

Mtoto wangu wa kwanza, binti, nilimzalia pale. Nilikuwa bado na kiburi cha kumaliza fomu foo, najiona najua kila kitu. Mzee alipopita kunitazama nikamwamkia, kisha nikamuuliza bila kuzunguka.

"Dokta, mbona vitanda vyako vina kutu?"

"Umesoma mpaka wapi, mwanangu?"

"Fomu foo."

"Na kemia ulisoma?"

"Nilisoma."

"Halafu unaita hii kutu." Akamgeukia sista aliyekuwa naye. "Wazazi wake wamelipa ada bure."

Sista akacheka mpaka akashika mdomo. Mimi nikanuna. Mzee akavuta stuli, akakaa, akanieleza. Alisema mama yake alikuwa akiweka maji ya kunywa kwenye chungu cha shaba, yanalala humo mpaka asubuhi. Yeye utotoni alidhani ni mambo ya dini. Alipokwenda kusomea udaktari ndipo akajua kwamba vijidudu vya ugonjwa ukiviweka juu ya shaba tupu vinakufa muda si mrefu, lakini juu ya chuma kilichopakwa rangi, au plastiki, vinaweza kukaa siku nzima na zaidi, vinasubiri mkono. Na hospitalini, alisema, mikono ni mingi. Nesi kamgusa huyu, kashika kitanda, kaenda kwa yule. Mtu anaingia na ujauzito tu, anatoka na homa ambayo hakuja nayo.

"Kwa hiyo nikilala hapa siwezi kuumwa?"

"Nani kasema? Sabuni kwanza. Shaba ni mlinzi tu, sabuni ikisinzia."

Masharti yake yalikuwa mawili. Vyuma vioshwe kwa maji na sabuni kila siku. Na visipakwe kitu chochote, iwe rangi, iwe vanishi, iwe dawa ya kung'arishia. Shaba ikifunikwa, alisema, inakuwa mlinzi aliyefungiwa stoo. Binti yangu alitoka pale mzima, kitovu kikavu, na mimi nikasahau habari za kopa kama mtu anavyosahau somo lisilokuja kwenye mtihani.

Miaka michache baadaye nikarudi na mimba ya pili. Ndiyo enzi hizi za ruksa, kila kitu ruksa. Kariakoo ilikuwa imejaa bidhaa za Dubai hadi njiani hakupitiki, na mjini zilikuwa zimefunguliwa hospitali mpya zenye marumaru, vioo vyeusi na feni za dari. Mzee daktari miguu ilikuwa imemgomea, anashinda juu. Chini alikuwa mwanawe, kijana wa tai, karudi kutoka kusoma biashara nje. Wafanyakazi walimwita mkurugenzi. Yeye sisi alituita wateja.

"Karibu, mteja wetu," akaniambia siku naingia.

"Mteja wa nini? Mimi nimekuja kuzaa."

Akatabasamu kama ambaye amefundishwa kutabasamu. Mimi nilikuwa na maumivu, sikuendelea.

Nilizaa kwa kupasuliwa. Mtoto wa kiume, mzima, mguu wa kulia na wa kushoto akiirusha sawasawa kama anaendesha baiskeli. Naomba mkumbuke hiyo miguu. Nilipozinduka vizuri kitu cha kwanza nilichokiona ni weupe. Vitanda vyeupe, mabomba meupe, bamba la mlangoni jeupe, kila kitu kinameremeta na kinanuka rangi ya mafuta. Nikadhani wamebadilisha vitanda vyote. Nikasema moyoni, haya, maendeleo.

Kitanda cha jirani alikuwa mama mmoja mkaanga samaki wa soko la Feri, mtu wa Lindi, mtoto wake wa tano huyo. Mdomo wake haukuwa na pazia.

"Mdogo wangu, umeamka? Ungechelewa wangekupaka na wewe."

"Kwani kuna nini?"

"Mgeni rasmi anakuja kufungua chumba kipya cha upasuaji. Jana wamepaka mawe ya njiani, wamepaka mnazi, wamepaka ndoo ya taka. Nimewaambia mimi mweusi hivi hivi, waniache."

Kila mtu wa nchi hii anajua. Mgeni rasmi akija, kisichotembea kinapakwa rangi. Tumekua hivyo, shuleni tulikuwa tunapaka chokaa miti siku moja kabla ya mkuu wa wilaya, na mwaka mzima uliobaki choo hakina mlango. Hatukuona ajabu. Sijawahi kumsikia mtu akiuliza rangi inafunika nini.

Halafu kitovu cha mtoto kikaanza kuwa chekundu pembeni. Nikamwonyesha sista, siyo yule wa zamani, huyu alikuwa mpya. Akasema kawaida. Kesho yake kikatoa unyevu wenye harufu. Nikamwonyesha tena.

"Mama, unamshika mtoto kwa mikono michafu."

"Mikono yangu nainawa, sista. Wewe ndiye umemgusa asubuhi ukitoka kwa mtoto wa kule mwisho, hukunawa."

"Sabuni imeisha. Unataka ninawe kwa mate?"

Mtoto wa mkaanga samaki naye alikuwa na usaha machoni, na yule wa kule mwisho alikuwa na vipele vya maji shingoni. Watoto watatu, wodi moja. Sista akatazama huku na huku akitafuta wa kumbebesha, akampata.

"Hii yote ni harufu ya samaki. Kuna watu wanaleta uchafu wa sokoni humu ndani."

Mkaanga samaki akaketi wima. "Mimi?"

"Sijataja mtu."

"Taja! Mimi nimeoga mara mbili leo, kwa sabuni niliyokuja nayo kwenye kikapu changu. Samaki sijamgusa tangu chupa ya uzazi ipasuke. Wewe ndiye umetoka chooni sasa hivi na bomba hatujalisikia."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimemweka mtoto kifuani, moto wake unapita kwenye kanga. Na usafi niliokuwa natuhumiwa kwamba sina ulikuwa umenizunguka pande zote, mweupe, unang'aa. Kwa hasira nikaanza kukwaruza chuma cha kitanda kwa kibanio cha nywele, bila sababu, kama mtu anavyotafuna kucha. Rangi ikabanduka ganda moja jembamba. Chini yake kukawa kwekundu.

Nikakwaruza tena. Kopa. Vitanda vilikuwa vilevile.

Nikamwachia mkaanga samaki mtoto, nikapanda ngazi. Mtu aliyepasuliwa tumbo hapandi ngazi, najua, usiniambie. Nilishika ukuta, nikapanda kwa makalio pale nilipoweza, nikafika juu natokwa jasho la baridi. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba na redio yake.

"Shikamoo dokta."

"Marahaba. Nani wewe, na kwa nini umesimama?"

"Mimi yule wa kutu. Wamepaka vitanda rangi. Na mtoto wangu anaungua."

Alishuka na kandambili, anashikilia reli ya ngazi kwa mikono yote miwili. Kwanza alimtazama mtoto, akaagiza sindano palepale, kwa sauti ambayo sista hakuiuliza mara mbili. Kisha akaweka kiganja kwenye chuma cha kitanda, akakipitisha polepole mpaka mwisho, akakigeuza kiganja na kukitazama kama kimemchafukia. Akamwita mwanawe. Walianza kwa Kigujarati, kwa haraka, na sisi wote tukitazama kama tunatazama mpira. Kisha mwana akahamia Kiswahili, nadhani ili tusikie kwamba anatutetea.

"Baba, wateja wanalalamika. Kila mtu anasema vitanda vina kutu. Wanaenda hospitali za marumaru. Mgeni rasmi aone kutu?"

"Wagonjwa," mzee akasema.

"Nini?"

"Hawa si wateja. Mteja asipopenda kitu anakirudisha dukani. Huyu atarudisha nini?" Akanionyesha mimi na mtoto.

"Sawa, baba. Tutaitoa rangi. Baada ya ufunguzi."

"Leo."

"Baba, ufunguzi ni keshokutwa. Kadi zimeshatoka."

Nilimsubiri mzee apige meza. Nilimsubiri aseme nyumba yangu, vitanda vyangu. Alisimama pale mdomo uko wazi kidogo, akahema, akasema, "Nimeshaiandikisha hospitali kwa jina lako. Fanya unavyoona." Akageuka. Ngazi moja, anapumzika, ngazi nyingine, anapumzika. Watu wakinisimulia leo kwamba yule mzee alikuwa mtu mwema nawaambia ndiyo, alikuwa mwema, na siku niliyomhitaji alipanda juu kusikiliza redio.

Mkaanga samaki alingoja mkurugenzi atoke. Kisha akavuta kikapu chake chini ya kitanda, akapekua chini ya kanga na chupa ya chai, akatoa kisu chake cha kuparia, kifupi, kimeliwa na jiwe la kunolea mpaka kimebaki kama mwezi mwandamo.

"Si alisema nimeleta uchafu wa sokoni? Haya, huu hapa."

"Umekuja kuzaa na kisu?"

"Nilitoka kazini moja kwa moja. Uchungu haukunipa ruhusa ya kwenda kukiweka nyumbani. Shika mtoto wako vizuri. Kitanda chako nakipara sasa hivi."

Na akakipara. Alikuwa na mkono wa kazi, anakwenda kinyume na gamba, kuanzia mkiani kuelekea kichwani, kama anapara samaki changu mkubwa. Rangi ikaruka vipandevipande, ikatua kwenye shuka, kwenye nywele zake. Alipochoka nikapokea mimi, nimekaa, mkono mmoja kwenye mshono. Tukavipangusa vyuma kwa maji na kile kipande chake cha sabuni. Tukamaliza cha kwangu, tukafanya cha kwake. Mama wa kule mwisho alituomba cha kwake tusikiguse, anaogopa kufukuzwa. Mle ndani sasa kulikuwa na vitanda viwili vyekundu vyenye mikwaruzo, na vingine vyeupe kama meno ya tangazo.

Sista aliingia akapiga kelele kama kaona nyoka. Mkurugenzi akaja.

"Mmeharibu mali ya hospitali!"

"Tumeiosha," mkaanga samaki akasema.

"Nyinyi wateja wa aina gani?"

"Si umesikia baba yako? Sisi wagonjwa."

Siku ya ufunguzi asubuhi wakatuhamisha. Hawakututoa nje, walikuwa na aibu kiasi hicho, wakatuingiza stoo sisi na vitanda vyetu na watoto wetu, wakavuta pazia. Na humo stoo, jamani, kulikuwa na katoni za sabuni. Zimepangwa hadi dirishani. Nilidhani maumivu ya mshono yananiletea ndoto. Mhudumu akaja kuchukua vipande na taulo mpya, akavipanga kwenye kila bomba la wodi, kimoja kimoja, kwa ajili ya mgeni. Nilimuuliza kwa nini walituambia imeisha. Akasema, "Hii ni ya ufunguzi, dada." Alisema kwa upole kabisa, kama mimi ndiye sielewi.

Nje ngoma zikalia, wakaimba, spika ikakoroma. Tulisikia mgeni rasmi akiisifu hospitali kwa usafi. Alisema inang'aa. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nambadilisha mtoto nepi, na nilipoinua mguu wake wa kulia akapiga ukelele ambao sikuwahi kuusikia kwake. Mguu wa kushoto alirusha. Wa kulia ulilala. Nikaugusa tena taratibu, akalia tena. Nikamwita sista. Sista alikuwa kwenye mstari wa kupokea mkono wa mgeni.

Mkaanga samaki ndiye aliyetoka nje ya pazia na kanga zake mbili, akapita katikati ya hotuba, akaenda kumtafuta mume wangu getini, ambako ndugu wa wagonjwa walikuwa wamezuiwa wasichafue picha. Tulitoka kwa mlango wa nyuma, tukapanda teksi mpaka hospitali kubwa ya serikali. Huko rangi ilikuwa imebanduka ukutani, wazazi wawili kitanda kimoja, lakini daktari alimtazama mtoto kabla ya kuniuliza jina. Usaha wa kitovu ulikuwa umeingia kwenye damu, ukaenda kukaa kwenye nyonga. Wakamfungua, wakautoa. Tulikaa muda mrefu. Aliishi.

Nilimuuliza yule daktari, kijana wa makamo yangu tu, kama ni rangi. Nilimweleza yote, kopa, mzee, chungu cha maji, kisu. Alinisikiliza mpaka mwisho, nampa haki yake.

"Inawezekana," akasema. "Inawezekana pia ni mikono ya nesi. Au kisu cha kukatia kitovu. Vijidudu havina kitambulisho, dada."

Hapo ndipo hasira yangu ilipokwama, na imekwama mpaka leo. Kama ningekuwa na hakika ningepiga kelele mlangoni kwa mtu mmoja. Mtoto wa mkaanga samaki alipona macho. Wa kule mwisho, aliyebaki kwenye kitanda cheupe, naye alipona. Kwa hiyo siwezi hata kusema tuliopara tulishinda. Ninachojua ni kwamba palikuwa na mlinzi wakamfungia, na palikuwa na sabuni wakaiweka akiba kwa ajili ya mtu asiyeumwa. Vingine ubishe unavyotaka.

Rangi haikutolewa baada ya ufunguzi, nadhani mlishajua. Mzee alifariki, na mwanawe akaviuza vile vyuma kwa wanunuzi wa vyuma chakavu huku kwetu, akaleta vitanda vipya vinavyong'aa vyenyewe. Niliviona nikipita, vimelala juu ya redieta na waya, vyeupe bado, isipokuwa viwili vyekundu vyenye mikwaruzo. Wale vijana walikuwa wamekaa chini wanakwangua rangi, kwa sababu mnunuzi wa bandarini hapokei kopa iliyopakwa. Nilisimama pale mpaka wakaniuliza kama nimepotea njia.

Mwanangu sasa anakimbia, kwa namna yake. Nyonga ya kulia inamvuta chini, anapepesuka, anajirudi, anaendelea. Kila anayemwona ananiuliza kwa huruma, "Kazaliwa hivyo?" Wanauliza wakiwa tayari wana jibu, na baada yake wanaongeza kwamba ni mapenzi ya Mungu, nikubali.

Juzi tulikuwa Feri, kwa mkaanga samaki wangu. Mtoto wake na wa kwangu walikuwa wanafukuzana kuzunguka ndoo. Mteja mmoja, mama amevaa vizuri, anasubiri samaki wake waive, akatikisa kichwa.

"Masikini. Kazaliwa hivyo?"

Mkaanga samaki akainua kile kisu, kile kile, akakielekeza kwangu. "Muulize mama yake alivyozaliwa."

Nikamwambia. Nilianza na kopa, jinsi inavyobadilika rangi ukiishika, na kwamba ile siyo kutu. Nilikuwa nimefika kwenye mnazi uliopakwa chokaa alipoanza kutazama karai.

"Kumbe," akasema. "Pole sana. Dada, nifungie wawili, nawahi."

Mkaanga samaki hakumfungia. Alipunguza moto, akawageuza samaki taratibu, kama mtu ambaye jioni yote ni yake.

"Hawajaiva," akamwambia. "Msikilize kwanza, hajamaliza."